Jiko la peleti limezeeka na linasumbua? Safisha kwanza, pima baadae, kununua iwe mwisho

Jiko langu la peleti, yaani la kupasha joto nyumba kwa kuchoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, lina miaka 16, na kwenye mwaka wake wa 12 ndo lilinitia adabu. Lilikuwa linawaka vizuri tu, likikolea dakika kama 20 hivi linazima lenyewe, naliwasha tena linazima tena, akaja fundi akaliangalia dakika 5 akasema bodi, ile saketi ya umeme inayoongoza jiko, imekufa. Nikanunua bodi. Ikafungwa bodi mpya, jiko likawaka, dakika 20 likazima kama kawaida yake. Nilivyokuja kulifungua mwenyewe kwa hasira nikakuta kile kimpira chembamba kinachoenda kwenye swichi ya mvuto (inayohisi kama hewa inavutwa ndani ya jiko), hakizidi urefu wa kiganja, kimepasuka kwa nyuma kule jicho halifiki. Jiko likiwa baridi ufa umejibana, likipata joto unafunguka, swichi inaona hamna mvuto inakata peleti, moto unakufa. Kimpira tu, jamani.

Sasa haya nayaandika kwa mtu mwenye jiko la zamani, waranti imeshasahaulika, na kila likisumbua anaambiwa anunue kitu. Vipuri vinakufa kweli, sikatai, ila kwa nilivyoona mimi majiko mengi ya zamani shida yao ni pumzi. Majivu yamejaa sehemu ambazo hazijawahi kufunguliwa toka jiko lifungwe, mpira umekauka, gasketi ya mlango (ile kamba ya kuziba upenyo) imelala, alafu watu wanakimbilia bodi kwa sababu ndo kitu chenye waya nyingi.

Kwanza elewa linavyowaka

Ukilielewa hili, hata zile namba za makosa kwenye kidude cha maandishi hazikutishi. Ukibonyeza kuwasha, cha kwanza kuamka ni feni ya moshi, ile inayovuta hewa ipite kwenye kikombe cha moto na kuitoa nje kwa bomba. Mvuto ukishakuwepo, swichi ya mvuto inajifunga na kuruhusu umeme uende kwenye mota inayogeuza skrubu ya kulisha, kile chuma kirefu cha kuzunguka kinachosukuma peleti, basi peleti zinapanda au kutelezea hadi zinadondoka kwenye kikombe. Hapo kiwashio kishapata joto, kinapuliziwa hewa, peleti zinashika moto ndani ya dakika 5 hadi 10. Sensa ya joto ikishahisi kuna moto kweli, kiwashio kinazimwa, na baadae kidogo feni ya chumbani inaanza kusukuma joto.

Basi kazi yako ni kukaa mbele ya jiko, uliwashe, utulie uangalie safari inakatikia wapi. Feni haijaamka? Peleti hazidondoki? Zimedondoka hazishiki moto? Zimeshika moto lakini baada ya muda likazima? Kila kituo kina watuhumiwa wake wachache, huna haja ya kufungua jiko lote. Chukua daftari andika dakika, utanishukuru.

Kabla hujashika kitu

Chomoa waya ukutani, sio kuzima kwa batani tu, maana batani haikati umeme kwenye bodi. Subiri lipoe kabisa. Majivu yanaweza kuficha kaa la moto siku mbili tatu na ukiyavuta na vakyumu ya kawaida ya nyumbani umeshawasha vakyumu, mfuko wake wa vumbi unashika moto kimyakimya ukishaiweka kabatini. Tumia vakyumu ya majivu yenye chombo cha chuma, na hata hiyo majivu yawe baridi. Ya kutupa weka ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, isikae juu ya mbao.

Na alamu ya monoksidi ya kaboni iwepo kwenye chumba hicho na kule mnakolala. Gesi hii haina harufu wala rangi, mtu anasikia kichwa kinauma na kichefuchefu anadhani ni mafua. Alamu ikilia hapo sio saa ya kutafuta chanzo, zima jiko, tokeni nje wote, piga simu kwa watu wa dharura.

Usafi wa kweli, sio wa kufuta kioo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye dawa ya nusu ya matatizo yote.

Watu wengi wanasafisha kile wanachokiona: kikombe, trei ya majivu, kioo. Sawa, hivyo ni vya kila siku au kila baada ya siku chache. Ila moshi ukitoka kwenye kikombe unapanda, unapita kwenye mabomba ya kubadilishia joto, unashuka nyuma ya kuta za ndani za jiko, unaingia kwenye chemba ndogo chini, alafu ndo feni inaudaka na kuusukuma nje. Hizo chemba za nyuma na chini ndo makaburi ya majivu. Majiko mengi yana vifuniko viwili vidogo kushoto na kulia chini ya trei, vimefungwa kwa skrubu mbili mbili, na mtu anakaa na jiko miaka 10 hajui kama vipo. Fungua. Ukikuta majivu yamefika juu usishangae.

Zile bamba za ndani ya kikasha cha moto zinazofanana na matofali mara nyingi zinachomoka, zingine ni chuma na zingine ni vermikulaiti ambayo inavunjika kama biskuti, kwa hiyo taratibu. Ukishazitoa gonga kuta kwa nyundo ya mpira usikilize, majivu yanaporomoka hadi unaogopa. Gonga, vuta, gonga tena, mpaka yasiporomoke tena. Kama jiko lako lina kile chuma cha kuvuta na kusukuma cha kukwangulia mabomba ya joto, kivute mara kumi hivi wakati jiko ni baridi.

Alafu nenda nyuma. Bomba la moshi kwa kawaida lina upana wa milimita 80 au inchi 3, na linapotoka kwenye jiko kuna kiungo chenye umbo la T chenye kifuniko chini. Weka gazeti, fungua kifuniko, pitisha brashi ya saizi yake hadi mwisho. Kule nje kwenye mdomo wa bomba angalia kama kuna wavu, maana wavu ukishika masizi unaziba kama mlango, na ndege pia wanapapenda pale jiko likiwa limepumzika. Usisahau upande wa pili, bomba linaloingiza hewa. Nalo linazibwa na utando wa buibui na vumbi, hakuna anayelikumbuka.

Cha mwisho ni feni ya moshi yenyewe. Itoe, mapanga yake yatakuwa yamevaa koti la majivu magumu, yakwangue kwa brashi bila kuyapinda kwa sababu likipinda moja feni inaanza kutetema. Nati inayoshika mapanga kwenye baadhi ya majiko ina nyuzi za kinyume, isipofunguka usikaze misuli, jaribu upande wa pili. Gasketi ya feni ukiitoa weka mpya, ya zamani hairudi vizuri, na hapo ndo moshi unaanza kuvujia ndani ukajiuliza umeharibu nini.

Ukimaliza hayo washa jiko. Kama tatizo limeisha, umeokoa hela. Kama halijaisha endelea chini, angalau sasa unapima jiko ambalo linapumua.

Limekufa kabisa, hata taa haziwaki

Hii ni fupi. Angalia soketi kwa kuchomeka kitu kingine, angalia fyuzi, na mara nyingi zipo mbili, moja pale waya unapoingilia na nyingine kwenye bodi. Fyuzi ikiungua weka ya ampea ileile, ikiungua tena papo hapo kuna kitu kimepiga shoti na mara nyingi ni kiwashio, kichomoe waya zake ujaribu tena. Majiko mengi pia yana swichi ya usalama ya joto kali yenye kibatani kidogo, mara nyingi chekundu au kimefunikwa na kifuniko cha kufungua. Ikiruka jiko linagoma mpaka uibonyeze. Ila usiibonyeze tu ukaondoka, jiulize joto lilizidi kwa nini. Kawaida ni feni ya chumbani imekufa au imejaa vumbi na manyoya ya paka.

Feni inanguruma lakini peleti hazidondoki

Kabla ya yote angalia kama peleti zipo. Nacheka lakini nimewahi kufungua mota nzima kumbe hopa, lile sanduku la kuwekea peleti, ilikuwa na daraja, yaani peleti zimeshikana juu zimefanya pango chini, ukiangalia juu unaona zimejaa. Vuruga kwa mkono. Na kama mfuniko wa hopa una swichi, mfuniko usipofunga sawasawa skrubu ya kulisha haigeuki, vilevile swichi ya mlango.

Jua pia kwamba mota ya kulisha haizunguki muda wote. Inageuka sekunde chache inapumzika, inageuka inapumzika, tena polepole sana, mizunguko michache tu kwa dakika. Usije ukasema imekufa kumbe ipo mapumzikoni. Angalia dakika 2 nzima.

Haizunguki kweli? Tuanze na mvuto. Chomoa kimpira cha swichi ya mvuto, kikague chote kwa kukikunja, kikiwa kimekauka kama tambi badilisha bila mjadala. Tundu lile kinapochomekwa kwenye jiko linazibwa na majivu, lizibue kwa waya mwembamba. Kuna kosa moja hapa linafanywa sana: watu wanapuliza kimpira kwa upepo wa kompresa huku upande wa pili bado upo kwenye swichi. Ndani ya swichi kuna ngozi nyembamba, ukiipuliza hivyo umeipasua. Chomoa pande zote mbili ndo upulize. Kuipima swichi, jiko likiwa limechomolewa ukutani, chomeka kimpira kisafi, vuta hewa kidogo sana kwa mdomo, utasikia tik, na tesita (kile kipimo cha umeme) ikiwa kwenye waya zake inalia. Hailii, swichi imekufa. Inalia, basi swichi ni nzima na jiko halivuti vya kutosha, rudi kwenye usafi, mlango na gasketi.

Watu wanaunganisha waya za swichi hii moja kwa moja ili jiko liende. Usifanye. Hiyo swichi ndo inayozuia jiko kuendelea kulisha peleti wakati bomba limeziba na moshi unarudi ndani kwako mmelala.

Mvuto upo sawa na bado haigeuki, sasa nenda kwenye mota. Ifungue itoke kwenye skrubu, ipe nafasi izunguke peke yake. Ikizunguka peke yake vizuri lakini ikirudishwa inaguguma tu, skrubu imekwama. Isipozunguka kabisa na umeme unafika, mota imekwisha. Ikizunguka lakini ukibana shafti kwa koleo inasimama kirahisi, meno ya giaboksi yamelika, hii ni kawaida sana kwa mota ya miaka mingi. Na kuna siku mota inazunguka vizuri na skrubu imesimama, hapo ile skrubu ndogo au pini inayoziunganisha imelegea au imekatika, ni kipuri cha bei ya maandazi ukilinganisha na mota. Ukinunua mota angalia mambo mawili, mizunguko kwa dakika na upande inakozungukia, maana kuna ya kulia na ya kushoto na kwa macho zinafanana kabisa.

Skrubu ikikwama chanzo ni unga. Peleti zinasagika, unga unakaa chini, ukipata unyevu unavimba na kuganda kama zege. Maliza hopa yote kwa vakyumu, chokonoa kwa kijiti cha mbao au bisbisi ndefu, tafuta na msumari au kipande cha mfuko, vitu hivyo vinaingia. Ikishindikana itoe skrubu nzima, kwenye majiko mengi inatokea chini au mbele kwa kufungua bolti chache. Ukiitoa angalia na bushi zake, zile pete zinazoishika inapozungukia. Zikichoka skrubu inakaa upande na kusaga peleti zenyewe, unga unaongezeka, unakwama tena wiki ijayo.

Peleti zimejaa kikombe, moto hakuna

Kiwashio. Lakini kabla hujakihukumu toa kikombe uangalie tundu linalotazamana nacho, likiwa limeziba kiwashio kinapata moto huko ndani peke yake na joto halifiki. Zibua. Hakikisha na kikombe kimekaa sawasawa kwenye kiti chake, kikinyanyuka milimita mbili tu kwa sababu ya majivu chini yake hewa inapita pembeni badala ya kupita kwenye matundu.

Kisha tesita kwenye ohmu, waya zake zikiwa zimechomolewa. Kiwashio cha wati 300 cha umeme wa volti 230 kinatakiwa kisome kama ohmu 175 hivi, cha volti 120 kama ohmu 48. Kikisoma hakuna kitu, kimekatika ndani, na hiki ndo kipuri kinachokufa mapema kuliko vingine kwa sababu kila kuwasha ni kazi yake. Kikisoma vizuri lakini hakipati joto, pima kama umeme unakifikia wakati wa kuwasha, hapo uwe makini ni umeme hai, kama hujazoea muachie anayejua.

Wakati unasubiri kipya unaweza kuliwasha kwa mkono, jeli ya kuwashia moto kidogo juu ya peleti chache, njiti, funga mlango. Kamwe usitumie petroli wala spiriti ya kumiminia, na kamwe usiongeze jeli kwenye kaa la moto. Na kama limeshindwa kuwaka mara mbili tatu na kikombe kimefurika, ondoa hizo peleti zote kwanza. Zikikaa zinafuka moshi mzito, ule moshi ukijaa ndani na baadae ukashika moto kwa mpigo, mlango unatikisika na moyo wako pia.

Linawaka vizuri alafu linazima

Tatizo langu lile. Angalia saa. Likizima kama dakika 10 hadi 20 toka liwashwe na huku moto unaonekana kabisa, jiko halijui kama kuna moto. Sensa ya joto la moshi imevaa masizi, au imechomoka kwenye kishikio chake, au imechoka. Ifute kwa kitambaa, irudishe iguse inapotakiwa kugusa. Kwenye majiko ya zamani ni kisahani kidogo kinachojifunga kikipata joto, unakipima kwa tesita: baridi kimefunguka, ukikipasha kwa draya ya nywele kinajifunga. Mapya yana themokapo (kipimo cha joto cha waya) au waya wa sensa unaoingia kwenye njia ya moshi.

Likizima baada ya saa mbili tatu hadithi ni nyingine. Kikombe kimejaa majivu yaliyoyeyuka yakawa jiwe, matundu yameziba, moto umekosa hewa. Likizima muda wowote bila mpangilio, au dakika 20 kama langu na sensa ni nzima, fikiria kimpira kilichopasuka, fikiria waya uliolegea kwenye swichi ya joto, fikiria feni ya moshi ambayo ikipata moto inachoka. Feni ya namna hiyo ukiigusa mapanga kwa kidole jiko likiwa limechomolewa na limepoa, hayatelezi, yanakwama kwama.

Moto mvivu, kioo cheusi

Moto mzuri wa peleti ni wa njano inayong'aa, unarukaruka, una haraka. Ukiuona mrefu, mwekundu, unapepea taratibu kama kanga kwenye kamba na ncha zake nyeusi, hewa haitoshi. Kioo kuwa na vumbi la kijivu au kahawia ni kawaida, kuwa cheusi tii masaa machache baada ya kukifuta sio kawaida.

Ukishafanya usafi ule wa juu na bado upo hivyo, nenda kwenye mlango. Jiko likiwa baridi bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, vuta. Kikitoka bila kukwama gasketi imelala hapo, zunguka mlango mzima hivyohivyo. Saa nyingine kitasa kinaweza kukazwa kidogo na mambo yakaisha. Kama gasketi imekuwa ngumu ibadilishe, ni kamba ya nyuzi za kioo, pima upana wa mfereji ununue saizi hiyo, kwangua gundi ya zamani yote mpaka chuma kionekane. Wakati wa kuilaza usiivute, watu wanaivuta ili itoshe vizuri, inakuwa nyembamba na kazi ni bure. Gundi iwe ya kuhimili joto, funga mlango uache usiku kucha. Na gasketi ya kioo chenyewe ipo, na ya trei ya majivu ipo, hizo ndo zinasahaulika.

Kwa nini mlango unahusika na moto? Kwa sababu feni inavuta hewa inakopita kirahisi. Pakiwa na upenyo mlangoni haihangaiki kupita chini ya kikombe, kwa hiyo jiko lina hewa nyingi na moto hauna.

Kinyume chake, moto mfupi unaovuma kama bomba la gesi na kurusha peleti nje ya kikombe, hewa imezidi, punguza kwenye mpangilio au kile kibamba cha hewa pembeni.

Peleti zenyewe

Peleti za kawaida zina kipenyo cha milimita 6, na nzuri zina unyevu usiozidi asilimia 10. Zenye alama ya ubora ya ENplus A1 majivu yake hayatakiwi kuzidi asilimia 0.7, yaani ukichoma kilo 100 usipate zaidi ya gramu 700 za majivu. Ukijaza trei kila siku unajua unachochoma. Mawe kwenye kikombe mara nyingi yanatokana na mchanga na magome yaliyosagwa humo. Kwa hiyo jiko likianza kusumbua wiki ileile uliyofungua mifuko ya aina nyingine, usifungue skrubu hata moja, tafuta mfuko wa aina ya zamani ulinganishe. Na mifuko usiiweke chini kwenye sakafu ya zege, iinue.

Moshi au harufu chumbani

Wakati wa kuwasha kidogo tu, gasketi. Muda wote, viungo vya bomba. Usiku zima taa, mtu amulike tochi nyuma ya jiko wakati linawaka, moshi unaovuja unaonekana kwenye mwanga. Viungo vizibwe kwa silikoni ya joto kali na sio ile ya bafuni. Umeme ukikatika feni inasimama na moshi uliomo ndani unatafuta njia, kama bomba lako linatoka ukutani moja kwa moja bila kupanda juu utaupata wote sebuleni. Anayekaa sehemu ya umeme wa kukatika katika atafute betri yenye inveta inayotoa mawimbi laini, zile za mawimbi ya mraba zinafanya mota zilie na bodi nyingine hazizipendi.

Kelele

Mlio wa kukwaruza unaofuatana na mota ya kulisha ni skrubu au bushi. Mlio wa muda wote unaopanda na kushuka na kasi ni beringi za feni. Baadhi ya feni za zamani zina vitundu vya mafuta, matone mawili ya mafuta mepesi ya mashine yanatosha, usitumie ya kupikia wala dawa ya kulegezea kutu maana inakauka na kuacha gundi. Zilizofungwa kabisa hazina dawa, unabadilisha.

Moto mkubwa, chumba baridi

Joto linakwenda nje na moshi. Mabomba ya kubadilishia joto yamevaa majivu, na majivu ni blanketi zuri tu. Au feni ya chumbani imejaa vumbi. Ya pili hii isafishe taratibu kwa brashi ya rangi, ukitumia upepo mkali unaizungusha kuliko kasi yake.

Bodi, mwisho kabisa

Ukifika hapa kila kitu ni kisafi na umepima kila kitu. Bodi inatuhumiwa pale kipuri kizima hakipelekewi umeme wakati zamu yake imefika na swichi zote za usalama zimejifunga. Angalia kapasita zilizovimba kichwani, alama za kuungua, sehemu zilizotoa ufa kwenye risasi ya kulehemu hasa chini ya rilei (zile swichi ndogo za umeme za kwenye bodi), waya zilizotafunwa na panya. Fundi wa redio anaweza kubadilisha rilei au kapasita, na kwa jiko ambalo bodi yake haitengenezwi tena hiyo ndo njia iliyobaki. Piga picha waya zote kabla hujachomoa hata mmoja. Majiko haya yalianza kuuzwa Marekani miaka ya 1980, na yale ya mwanzo mwanzo yana mambo machache sana ya elektroniki, taima na swichi za joto tu, ukilikuta la hivyo usilitupe haraka maana karibu kila kitu ndani yake kinapimika kwa tesita.

Ila kikasha cha moto kikiwa kimetoboka kwa kutu au kimepasuka kwenye weldi, acha kutengeneza. Mulika tochi kwa ndani gizani, mwanga ukionekana upande wa feni ya chumbani maana yake moshi unapata njia ya kuingia kwenye hewa mnayovuta. Kutu hiyo mara nyingi inaanza jiko likiwa limelala, majivu yaliyoachwa ndani yananyonya unyevu na kula chuma miezi yote hiyo. La kwangu nalisafisha siku ileile ya mwisho kuliwasha, namaliza hopa yote, naziba bomba kwa kitambaa na kuning'iniza kikaratasi kwenye batani kwamba bomba limezibwa, maana mwaka juzi nilisahau.